Siku Niliyomsemea Tuya Mjini Machakos

Athi River,
Jumapili, baada ya ibada.

Kwa Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu ukiwa umekaa, maana barua yenyewe ni ndefu na sitaki uisikilize umesimama na mgongo ule. Unaendeleaje? Dada yangu Mwende aliniambia kwamba daktari wa Kwale alikupa mshipi wa kujifunga kiunoni, na wewe umeutundika ukutani kama kalenda. Baba, tafadhali ufunge. Na Mama je, jicho lake limepoa? Ndovu wamevunja tena ua na kuingia kwenye mahindi, au mwaka huu wametuhurumia? Mimi huku ni mzima. Kazi kule kiwandani EPZ ni ile ile, naunganisha mikono ya mashati kutwa nzima, na chumba changu bado ni kile cha karibu na reli. Baridi ya mwezi huu ilinishika kifua, nikalala siku moja nyumbani peke yangu nikiutamani uji wa Mama, lakini sasa nimepona.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Nilipiga mara mbili, na mara zote mbili nilipofika penye utamu uliniuliza kama nimekula. Kwa hiyo naandika. Baba, nimekula. Sasa nisikilize, kwa sababu tangu nije huku Ukambani sijawahi kuwa na habari kama hii.

Jambo lenyewe linahusu filamu. Usiseme barua ikunjwe. Unakumbuka nilipokuwa sekondari, namna nilivyokuwa natoroka kwenda kwenye kibanda cha video pale sokoni. Nilikuwa nashika maiki na kuzitafsiri filamu za Kichina kwa Kiswahili, huku nawapachika wapiganaji majina yangu na kuwatilia vinywani vichekesho vyangu. Mpaka siku ile ulipoingia na koti lako la kanisani, ukasimama mbele ya televisheni, watu wakakutazama wewe badala ya filamu. Hukunipiga. Uliniambia nizime, nikazima, tukatembea mpaka nyumbani bila neno. Tangu siku hiyo sikushika maiki tena. Nimeishika Jumamosi ya wiki juzi, mjini Machakos, mbele ya ukumbi uliojaa.

Ngoja nikueleze ilivyokuja. Kila mwaka hapa hufanyika tamasha la filamu za makala, yaani zile filamu za mambo ya kweli, ambazo watu wake si waigizaji. Mtu ni mkulima, anaonyeshwa akilima shamba lake. Mtu ni fundi, anaonyeshwa kwenye kazi yake. Mabango yake nilikuwa nayaona mjini nikayapita tu, nikidhani ni mambo ya wasomi na wageni. Lakini mwaka huu waandaaji walialika vikundi vya akina mama kutoka vijijini, waje watazame filamu za wakulima na wafugaji wenzao wa nchi za mbali.

Siku hiyo tulitoka kazini saa sita. Nilikuwa nakusanya vitu vyangu na Dada Wanza, mama mmoja ambaye mashine yake iko ubavuni mwa yangu na ambaye hunicheka kutwa, kwa sababu wakati wa chakula mimi huwasimulia wenzangu habari za runinga kwa sauti za wenyewe waliozisema. Simu yake ikalia. Alikuwa Bi Ndanu, rafiki yake wa shuleni, ambaye ndiye msimamizi wa ukumbi wa tamasha. Alikuwa karibu kulia. Filamu ya saa tisa ilikuwa ya kutoka Mongolia, lugha yake haijulikani na mtu yeyote Machakos nzima, na maandishi ya chini ni ya Kiingereza. Mtangazaji wa redio aliyeahidi kuwatafsiria akina mama alikuwa amepatwa na mafua mpaka sauti imekauka. Na mabasi ya akina mama yalikwisha kuingia mjini.

Wanza aliniangalia, akanielekezea mkasi aliokuwa nao mkononi, akamwambia mwenzake, "Tulia. Mtu niko naye hapa."

Baba, sikupewa nafasi ya kukataa. Na kusema kweli sikuitafuta.

Tulifika ikiwa imebaki kama nusu saa. Bi Ndanu alinivuta pembeni, akafungua kompyuta yake, nikaona mwanzo wa filamu. Ni mama mmoja wa makamo, mfupi, mwenye mashavu mekundu kwa baridi, anaitwa Tuya. Mume wake alikwishafariki. Anaishi kwenye hema la duara katikati ya uwanda mpana usio hata na mti mmoja, na ana mbuzi, kondoo na farasi kadhaa. Anawafokea mbuzi, anamfukuza beberu aliyeingia kulala kitandani mwake, anamkaripia mbwa. Nilicheka peke yangu. Nikajiona niko tayari. Kisha akina mama wakaanza kuingia, Bi Ndanu akaifunga kompyuta. Nilimuuliza filamu inaishaje. Akaniambia hata yeye hajaifikia mwisho, wiki nzima alikuwa anatafuta viti.

Ukumbi walikuwa wameuziba madirisha kwa mablanketi ili pawe na giza. Akina mama walikaa safu kwa safu na leso zao na vikapu vyao, wengine wametoka mbali kama Kivaa, kule upande wa Masinga, wakaamka kabla ya jogoo. Aliyeitengeneza filamu, dada mmoja wa huko huko Mongolia anayeitwa Naran, alikuwa amekuja mwenyewe, akaketi kwenye kiti kilicho karibu na changu. Tulisalimiana kwa Kiingereza. Nilipoishika tu ile maiki, Baba, nilisikia mwili wote umepata moto.

Nikaanza kama nilivyozoea. Tuya nikamwita Mama Kamanda. Mbuzi nikawaita askari wake. Beberu wa kitandani nikamwita Koplo, nikampa sauti ya mlevi anayeomba apewe dakika tano zaidi za usingizi. Nilichanganya Kiswahili na Kikamba kile tunachozungumza nyumbani, na akina mama walipokisikia kwa lafudhi ya watu wa pwani walizidi kuvunjika mbavu. Mmoja alijifuta machozi kwa leso. Sina namna ya kukueleza raha ya watu mia kadhaa kucheka kwa pamoja na wewe ndiye unayejua lini watacheka tena. Ni kama kuendesha basi kwenye mteremko.

Kisha theluji ikaanza kuanguka kwenye filamu, na upepo. Ulivuma, Tuya akawa anaingia na kutoka hemani, anawavuta mbuzi wadogo ndani mmoja mmoja, mpaka hema likajaa. Wakubwa wakabaki nje. Picha ikawa nyeupe. Ilipofika asubuhi alisukuma mlango, akatoka, na pale nje mbuzi walikuwa wamelala chini, wengi, wamefunikwa na theluji.

Na mimi mzaha ulikwisha kuwa mdomoni. Nikasema Kamanda ameamka kukagua gwaride, askari bado wanakoroma. Watu wakacheka. Wakati wanacheka, kamera ikamsogelea Tuya. Alikuwa amepiga magoti. Alikuwa anatoa theluji kwenye mdomo wa mbuzi mmoja kwa kidole, taratibu, kama unavyomsafisha mtoto.

Kicheko kikakatika. Hakikuisha polepole, kilikatika. Mama mmoja mzee wa safu ya mbele, ambaye baadaye nilimjua kwa jina la Mama Syombua na ndiye kiongozi wa kikundi cha Kivaa, akageuka akanitazama mimi, si skrini.

"Kijana," akasema, "hizo mbuzi ni kweli zimekufa?"

Nikamwangalia Naran. Sidhani alielewa lugha, lakini alielewa swali. Akaitikia kwa kichwa.

"Ni kweli, mama," nikasema, na kwa vile maiki ilikuwa bado iko mdomoni, ukumbi wote ukasikia.

"Na huyu mama, ni mtu wa kweli?"

"Ni mtu wa kweli."

"Basi sema vile anasema."

Baba, nilitamani sakafu inimeze. Lakini filamu haikungojei. Tuya alikuwa ameanza kuongea, maandishi yanapita, na akina mama wanangoja. Nikaanza kusema anavyosema. Aliposema neno moja, nilisema moja. Aliponyamaza, nilinyamaza, na kunyamaza huko ndiko kulikokuwa kugumu zaidi, kwa sababu kule kwenye kibanda cha video mtu akinyamaza wanampigia kelele. Hapa hakuna aliyepiga kelele. Nilisikia pumzi za watu.

Alikuwa anawataja mbuzi wake. Kila mmoja ana jina. Nilikuwa nimewaita askari, kumbe wana majina: huyu ni wa rangi ya majivu, huyu ni mtoto wa yule mwenye pembe iliyovunjika, huyu alizawadiwa na mume wake walipooana. Niliyasema majina yote. Huyo wa mume nilimtaja taratibu, kama Tuya alivyomtaja.

Theluji ikaendelea siku nyingi. Chakula cha wanyama kilikuwa chini yake na hawawezi kukifikia. Ikafika mahali ambapo Tuya alisimama nje ya hema, akatazama juu, akasema, nami nikasema naye, "Jua, toka. Nakuomba utoke. Toka tu, hata kidogo."

Ukumbi ukavuma. Haukuwa mvumo wa kicheko wala wa kilio, ni ule wa kanisani mhubiri anapogusa jambo ambalo kila mmoja alilificha. Mama Syombua alimwambia jirani yake kwa Kikamba, si kwa kunong'ona, kwamba huyu mama analiomba jua. Jirani akasema amesikia. Wewe unajua, Baba, sisi kule Shimba Hills hatujui sana ukame wa huku. Minazi yetu na machungwa yetu hupata mvua. Lakini hao akina mama miaka si mingi iliyopita walizika mifugo yao yote, na hakuna hata mmoja ambaye angewahi kufikiri kwamba duniani kuna mfugaji anayepiga magoti kuliomba jua.

Mwisho wa filamu theluji inayeyuka. Tuya amebaki na wanyama wachache. Anakaa mlangoni na yule beberu wa kitandani, ambaye alipona kwa sababu ya ukaidi wake wa kulala ndani, na anamwambia, "Wote wenye adabu wamekufa, nimebaki na wewe." Nikalisema hivyo hivyo, bila kuongeza chumvi. Ukumbi ulicheka kuliko ulivyocheka kwa vichekesho vyangu vyote, na wengine walikuwa wanacheka huku wanalia. Taa zilipowashwa walisimama, wakapiga makofi na vigelegele mpaka mablanketi yakacheza dirishani.

Mimi nilikuwa namwogopa Naran. Alinifuata akaniuliza kwa upole mwanzoni watu walikuwa wanacheka nini. Ningeweza kumdanganya, hajui Kiswahili. Nikamwambia yote: Kamanda, askari, Koplo, na ule mzaha wa gwaride. Kisha akasema Tuya mwenyewe ni mtu wa mzaha sana, ila mzaha wake ni wake. Akasema miaka mitatu alikuwa anaenda na kurudi kule kwake, na jambo moja tu Tuya alilomtaka ni kwamba asimfanye mtu mwingine. Nikamwomba msamaha. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema nusu ya pili aliisikiliza akiwa amefumba macho, na alimsikia Tuya.

Baba, sentensi hiyo nimekwenda nayo kazini kila siku wiki hizi mbili.

Lakini bado sijakufikisha penyewe. Akina mama hawakutaka kwenda kwenye mabasi. Mama Syombua alikuja mbele na wenzake, akataka kujua kama huyo mama ana simu. Naran akasema anayo. Basi wakaamua kumtumia salamu za sauti. Nilikaa katikati: wao wanasema, mimi nasema kwa Kiingereza, Naran anasema kwa lugha yao, simu inarekodi. Walimpa pole. Walimwambia watamwombea. Mmoja alimuuliza kama beberu bado anamsumbua. Mama Syombua alingoja wote wamalize, akasema, "Mwambie asikimbilie kununua wengi. Anunue jike moja, aangalie mwaka mmoja. Hata sisi tulianza na moja moja."

Nilidhani mambo yameishia hapo. Jumatano, wakati wa chakula, simu yangu ikalia, ni ujumbe kutoka kwa Naran. Ndani yake ni sauti ya Tuya mwenyewe. Niliijua kabla hajamaliza neno la kwanza. Nilisimama na sahani mkononi nikawaita wenzangu wote, Wanza akapanda juu ya benchi awanyamazishe. Tuliisikiliza bila kuelewa chochote, halafu ikafuata sauti ya Naran ikitueleza kwa Kiingereza. Tuya aliwashukuru. Jike alikwisha kununua, mmoja, na ana mimba. Kisha akauliza swali: "Nimesikia kwenu hakuna theluji kabisa. Sasa mbuzi wenu waliuawa na nini?"

Hakuna aliyekula tena. Nilimpigia simu Mama Syombua hapo hapo. Nikamsomea swali.

"Mwambie ni jua," akasema. "Hilo jua yeye anaomba, sisi ndilo lilitumaliza." Nikamsikia anacheka kidogo, kile kicheko cha mtu mzima. "Lakini usimwambie kwa ukali. Mwambie tungekuwa na njia tungemgawia kidogo, na yeye atuletee hiyo barafu yake."

Nikayatuma, neno kwa neno.

Sasa sikia hili. Siku ya kufunga tamasha Bi Ndanu aliniita nitafsiri filamu mbili zaidi, na safari hii nilizitazama mpaka mwisho kabla ya kushika maiki. Baadaye akaniambia kwamba baada ya tamasha wao huzungusha skrini na projekta kwenye kaunti nyingine, wanaonyesha bure viwanjani, na mwaka huu wanataka niende nao wiki ile ya likizo yangu. Kiwanda siachi, usiwe na wasiwasi. Aliponiambia kwamba Pwani bado hawajapata pa kuanzia, nilisema Shimba Hills kabla hajafunga mdomo.

Kwa hiyo Baba, nakuomba kitu nikiwa na heshima zote. Wewe ni mzee wa kanisa. Uwanja wa kanisa ni mpana, na ukuta wa upande wa mashariki hauna dirisha. Nakuomba uzungumze na mchungaji turuhusiwe jioni moja. Nataka Mama amwone Tuya. Nataka majirani wetu Waduruma na Wadigo na Wakamba wakae chini pamoja wamsikie mama wa Mongolia akiongea Kiswahili chetu. Sijui utanijibu nini, na nimeifuta sehemu hii mara nyingi kabla ya kuithubutu.

Nisalimie Mama, mwambie sweta aliyonifumia ndiyo iliyoniponya kifua. Msalimie dada yangu Mwende, msomaji wa barua zetu zote, ambaye najua ndiye anakusomea hii, na ajue kwamba hairuhusiwi kuruka mistari. Shangazi Ndinda, muuzaji wa machungwa pale barabarani, mwambie nimeyakumbuka machungwa yake zaidi ya jamaa wengine. Mzee Mwachiti, mgema na jirani yetu wa siku zote, mpe mkono wangu. Na mchungaji umsalimie mapema, kabla hujamwomba uwanja.

Siku hiyo kiti cha mbele ni chako. Ukae na ule mshipi wako kiunoni, karibu kabisa na maiki. Na ukinisikia nimemtilia Tuya mdomoni neno ambalo si lake, usingoje tufike nyumbani. Simama pale pale mbele ya watu, nami nitazima.

Ni mimi mwanao anayekuheshimu,
Kyalo.